Antena ya maji ya chumvi kutoka Gerezani: tathmini baada ya kuitumia ufukweni na darasani

Antena ya maji ya chumvi inayotengenezwa na kuuzwa na fundi mmoja wa redio katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam, inafanya kazi. Naanza na jambo hilo kwa sababu karibu kila mtu niliyemwonyesha kifaa hiki aliamini kwanza kwamba kuna waya uliofichwa mahali fulani, na kwamba maji yanayoruka juu ni pambo tu. Hakuna waya uliofichwa. Matangazo ya FM yanaingia kwenye redio kwa kupitia nguzo ya maji ya bahari inayosukumwa hewani na pampu ndogo, na nguzo hiyo ikianguka, matangazo yanapotea. Hata hivyo, kifaa hiki hakifai kwa kila kazi ambayo muuzaji anaitaja, na kati ya kazi hizo ipo moja ambayo naona ni hatari kuitaja mbele ya wateja.

Niliinunua kwa shilingi 180,000, bila betri, kwa ajili ya klabu ya sayansi ya shule ya sekondari ninakofundisha fizikia, wilayani Temeke. Ndani ya boksi mna pampu ya volti 12 ya aina ileile inayotumika kutoa ngama (maji yanayojikusanya ndani) kwenye boti, yenye uwezo wa kusukuma lita 1,900 hivi kwa saa. Mpira wa maji. Nozeli, yaani mdomo wa kurushia maji, iliyotengenezwa kwa bomba la plastiki. Pete nyeusi ya feraiti (aina ya kauri yenye usumaku) iliyozungushiwa waya mara chache na kufunikwa kwa gundi isiyopitisha maji. Pamoja na kebo ya antena yenye plagi ya kuchomeka kwenye redio. Pete hiyo hukaa mdomoni mwa nozeli, na maji hupita katikati ya tundu lake bila kugusana na waya hata kidogo. Kazi ya mikono ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa kifaa kinachotengenezwa kimoja kimoja: maungio hayavuji, na ndani ya nozeli fundi amepanga mirija ya soda iliyokatwa vipande sawa, ambayo huyatuliza maji yasitoke yakiwa yamejisokota. Mirija hiyo inaonekana kuwa jambo dogo, lakini bila hiyo maji hutawanyika mapema na kuwa matone, na matone yaliyoachana hayapitishi umeme kutoka moja hadi jingine.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Gerezani, na fundi hasemi kwamba ni lake. Kituo cha utafiti cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilichoko San Diego ndicho kilichotengeneza antena ya namna hii, na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ilitolewa mwaka 2011 kwa jina la mbunifu Daniel Tam. Meli ya kivita hubeba makumi ya antena za chuma ambazo zinagombania nafasi juu ya sitaha, huingiliana mawimbi, na huifanya meli ionekane kirahisi zaidi kwenye rada ya adui. Nguzo ya maji inaweza kuinuliwa inapohitajika na kuzimwa kazi inapokwisha, na malighafi yake imeizunguka meli pande zote. Watafiti hao walionyesha kwamba urefu wa nguzo ndio unaoamua masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) ambayo antena itayapokea au kuyarusha, na unene wake ndio unaoamua upana wa masafa hayo. Kwa masafa ya HF, yaani mawimbi mafupi ya redio ambayo bado ni marefu kuliko ya FM, walihitaji nguzo ya mita 24 hivi. Mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi Electric ya Japani ilitangaza antena yake iliyoiita SeaAerial, ikapokea kwayo matangazo ya televisheni ya dijitali, na ikaeleza kuwa ufanisi wake ulifikia asilimia 70. Wajapani hawakutumia pete kama Wamarekani. Walitengeneza nozeli yenye sehemu isiyopitisha umeme, ambayo urefu wake ni robo ya wimbi, ili nguvu ya redio iliyo kwenye nguzo isiponyoke na kurudi baharini kwa kufuata maji yaleyale yanayopanda.

Fundi wa Gerezani amefuata njia ya Wamarekani. Wimbi la redio linapopita kwenye nguzo ya maji, chembe za sodiamu na kloridi zilizomo ndani yake husukumwa juu na chini mamilioni ya mara kwa sekunde, na msukumo huo ni mkondo wa umeme kama ulivyo mkondo ndani ya waya. Mkondo huo ukipita katikati ya pete huamsha usumaku ndani ya feraiti, na usumaku unaobadilikabadilika huzalisha umeme kwenye waya uliozungushwa. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeielewa transfoma atalielewa jambo hili bila shida, kwa kuwa nguzo ya maji ni sawa na mzunguko mmoja wa waya wa upande unaoingiza umeme. Jambo ambalo mnunuzi hatalijua kwa kuitazama pete ni kwamba si kila feraiti inafaa. Pete nyingi zinazong'olewa kwenye vifaa vya umeme vilivyokufa zimetengenezwa kwa manganizi na zinki, na hizo hulegea kabisa kwenye masafa ya FM. Fundi ametumia za nikeli na zinki, ambazo huzitoa kwenye vile vinundu vinavyofungwa kwenye kebo za skrini za kompyuta. Alinionyesha sanduku lililojaa vinundu hivyo, akanieleza kwa ufasaha kwa nini havichanganyi na vingine, na ni maelezo hayo yaliyonifanya nitoe fedha.

Majaribio yangu makubwa niliyafanya katika ufukwe wa Mjimwema, Kigamboni, maji yakiwa yamejaa, pampu ikiwa imezamishwa kwenye maji yanayofika magotini na nozeli ikiwa imefungwa kwenye mti uliosimikwa mchangani. Kwa FM hesabu ya urefu ni nyepesi: unagawanya 300 kwa masafa ya kituo yaliyoandikwa kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita, kisha unachukua robo yake. Kwa kituo kilicho kwenye megahezi 100 robo hiyo ni sentimita 75. Valvu iliyo kwenye mpira hukuwezesha kuipandisha au kuishusha nguzo mpaka ifike hapo, na bahari yenyewe huwa ndiyo ardhi ya antena, yaani upande wa pili unaokamilisha njia ya mkondo. Redio niliyoitumia ni ya mezani, yenye tundu la antena ya nje na isiyo na fimbo yake. Vituo vya Dar es Salaam viliingia kwa sauti safi. Vituo vya Unguja, ambavyo husikika vizuri Kigamboni kwa antena ya kawaida kwa sababu njia yote ni ya bahari tupu, viliingia vikiwa na mkwaruzo wa kuudhi nyuma ya sauti, ingawa maneno yalieleweka.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jaribio la namna hii ni rahisi kujidanganya nalo. Kebo inayotoka kwenye pete kwenda kwenye redio nayo ni kipande kirefu cha chuma, na inaweza kupokea matangazo yenyewe huku sifa zote zikienda kwa maji. Kwa sababu hiyo niliibana kebo kwa vinundu vingine vya feraiti kila baada ya hatua fupi ili kuizuia isigeuke antena, kisha nikalinganisha hali tatu: pampu ikiwa imezimwa, pampu ikiwa imewashwa lakini maji yakiinuka kidogo tu juu ya pete, na pampu ikiwa imewashwa huku nguzo ikifika urefu wake kamili. Katika hali mbili za mwanzo vituo vyenye nguvu sana pekee ndivyo vilivyosikika, tena kwa mbali. Katika hali ya tatu sauti ilijaa mara moja. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi kwamba maji yanafanya kazi, na ningependa fundi auweke utaratibu huu kwenye karatasi ya maelezo, kwa kuwa karatasi aliyonipa ina picha tu ya jinsi ya kuunganisha.

Chumvi nayo ina nafasi yake, na jaribio lake ni zuri kwa sababu linaweza kufanywa nyumbani kwa ndoo. Kwa maji ya bomba, nguzo ya urefu uleule haikuleta karibu chochote cha maana, kwa kuwa maji hayo hupitisha umeme mara mia moja hivi pungufu ya maji ya bahari. Nilipomimina chumvi ya mezani na kukoroga, redio iliamka. Kipimo kinacholingana na bahari yetu ni gramu 35 hivi kwa kila lita, yaani gramu 700 kwa ndoo ya lita 20. Anayeishi Kigamboni na kutumia maji ya kisima yenye magadi asidhani kwamba magadi hayo yanatosha; hayafiki hata karibu. Vilevile anayetaka kuijaribu karibu na milango ya mito, kama vile Msimbazi, au Kizinga na Mzinga inayomwaga bandarini, ajue kwamba wakati wa masika maji ya juu hapo huwa yamechanganyika na ya mvua na chumvi yake hupungua. Ukitumia ndoo badala ya bahari, antena inakosa ardhi yake, kwa hiyo itakubidi utandaze nyaya chache chini kuizunguka ndoo, jambo ambalo fundi hulieleza kwa mdomo lakini hajaliandika.

Udhaifu mkubwa wa bidhaa hii uko kwenye unene wa nguzo ya maji, na ni lazima nitumie namba kidogo kuueleza. Shaba hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya bahari kwa zaidi ya mara milioni kumi. Dawa pekee ya upungufu huo ni kuyapa maji unene, kama vile njia mbovu ya vumbi inavyoweza kupitisha magari mengi ikiwa imepanuliwa vya kutosha. Kwenye megahezi 100 mkondo wa redio huzama ndani ya maji ya bahari kwa sentimita mbili na kidogo, ilhali ndani ya shaba huishia kwenye utando wa juu usiofika hata sehemu moja ya mia ya milimita. Maana yake ni kwamba nguzo ya maji inatumika yote mpaka moyoni, na kila milimita inayoongezwa kwenye kipenyo chake inaleta faida. Nguzo ya kifaa hiki ina kipenyo cha sentimita 1.3 hivi. Ukipiga hesabu ya ukinzani wake kwa urefu wa sentimita 75 unapata zaidi ya omu (kipimo cha ukinzani) elfu moja, wakati ukinzani wa mnururisho wa antena ya robo wimbi, yaani ule unaohusika na kazi ya redio yenyewe, ni omu 36 tu. Kwa hiyo sehemu kubwa mno ya nguvu inageuka joto ndani ya maji, na kinachobaki ni kama asilimia tano. Kwa kupokea kituo chenye nguvu kilicho mjini humuhumu, asilimia tano inatosha kabisa, ndiyo maana antena inaonekana kufanya vizuri ukiwa Dar es Salaam. Mkwaruzo niliousikia kwenye vituo vya Unguja ni upungufu huu ukijidhihirisha.

Nguzo yenye kipenyo cha sentimita tano ingepandisha ufanisi hadi karibu nusu. Lakini maji ya kufika sentimita 75 lazima yatoke mdomoni kwa kasi ya karibu mita 3.8 kwa sekunde, na kwa kipenyo hicho hiyo ni takriban lita 450 kwa dakika. Pampu ya ngama haiwezi. Inahitajika mashine ya petroli ya inchi mbili ya aina wanayotumia wakulima wa mboga kumwagilia, na hapo unakuwa umejiletea plagi ya cheche inayotoa kelele za redio pembeni ya antena yako. Sisemi hayo kwa kumlaumu fundi. Amechagua pampu ambayo mnunuzi wa kawaida anaweza kuiendesha kwa betri ya gari, na uchaguzi huo una mantiki. Ninachokataa ni maneno anayoyasema kibandani, kwamba antena hii ni sawa na ya chuma. Si sawa, na namba hizo hazibishani na mtu.

Pampu yenyewe nayo ina kelele. Mota yake ni ya brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyosugua sehemu inayozunguka ili kuipelekea umeme, na cheche ndogo za brashi hizo huingia kwenye redio kama mngurumo mwembamba ambao unasikika hasa kwenye vituo dhaifu. Niliupunguza kwa kufunga kapasita ndogo (kijisehemu cha umeme kinachomeza kelele hizo) kwenye nyaya za betri karibu kabisa na mota. Kifaa hicho ni cha bei ndogo sana Kariakoo, na fundi angeweza kukiweka mwenyewe tangu mwanzo. Upepo ni jambo jingine. Asubuhi kabla upepo haujaamka nguzo husimama wima na sauti haiyumbi. Mchana wa kusi nguzo huinama, kichwa chake hupasuka, na sauti hupanda na kushuka. Antena hii ni ya saa za utulivu, na anayepanga kuwaonyesha wageni ufukweni apange mapema.

Niliijaribu pia kwa televisheni, kwa kuwa ndiyo kazi waliyoichagua Wajapani, na kwa kuwa Dar es Salaam imekuwa kwenye matangazo ya dijitali tangu mitambo ya analojia ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2012, hivyo ving'amuzi vya antena vimejaa majumbani. Nguzo inayohitajika hapo ni fupi, kama sentimita 13, na ufupi huo unapunguza ukinzani, jambo ambalo kinadharia ni jema. Kwa vitendo, pete ya fundi imechoka kwenye masafa hayo ya juu. Picha ilikuja, ikaganda, ikarudi, ikaganda tena. Televisheni ya dijitali haina huruma kama FM, ambayo hukuachia sauti yenye mkwaruzo. Yenyewe ama inakuonyesha picha safi au haikuonyeshi kitu. Kwa kazi hii sipendekezi kifaa hiki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika kwa urefu huu. Kwenye kibanda chake fundi ameandika kwamba antena hii ni "mkombozi wa wavuvi", na anawaeleza wenye boti kwamba wakivunjikiwa na antena ya redio ya VHF, yaani redio ya mawasiliano ya baharini, wanaweza kutumia maji ya bahari. Kwa watu wanaovua ng'ambo ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, au wanaokwenda mbali zaidi kuifuata nguru na jodari, maneno hayo yana uzito mkubwa. Chaneli 16, ambayo ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada baharini, iko kwenye megahezi 156.8, na robo wimbi yake ni sentimita 48. Kwa unene wa nguzo ya kifaa hiki, ufanisi hapo ni kama sehemu moja ya kumi. Redio ya boti yenye wati 25 itakuwa inarusha kama wati mbili na nusu, na hiyo ni kabla ya kuhesabu hasara ya pete na ya nguzo inayochezacheza boti inapoyumba. Nguvu inayokataliwa na antena isiyolingana hurudi kwenye redio, na inaweza kuunguza transista zake za mwisho, yaani mvuvi akaishia kupoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho. Zaidi ya hayo, boti inayohitaji kuita msaada mara nyingi ni boti iliyoingiwa na maji, betri yake imelowa au imekwisha, na pampu yake ya ngama inahitajika kutoa maji, si kuyarusha hewani.

Nilimweleza nahodha mmoja wa Mjimwema hesabu hizi, kwa kuwa alikuja kutazama na alionyesha nia ya kununua. Baada ya kusalimiana na kunisikiliza mpaka mwisho, aliniuliza swali ambalo fundi angepaswa kulijibu kabla ya kuandika bango: "Mwalimu, bahari ikichafuka, hayo maji yatasimama?" Hayatasimama. Mawimbi yakianza kupanda, hakuna nguzo ya kipenyo hiki itakayobaki nzima juu ya mtumbwi au boti ndogo. Fimbo ya akiba ya chuma au ya faiba, iliyofungwa vizuri ndani ya boti, ndiyo akiba ya kweli. Kwa upande wangu niliitumia antena kusikiliza tu na sikurusha chochote, maana kurusha mawimbi nchini kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mnunuzi yeyote anapaswa kuambiwa hilo pale pale kibandani kabla hajalipa.

Kuna namna nyingine ya kifaa hiki ambayo fundi huitengeneza mtu akiagiza, na kwa maoni yangu ndiyo ambayo angepaswa kuiweka mbele. Ni bomba la plastiki la inchi mbili, lililozibwa chini na juu, likajazwa maji ya chumvi na kusimamishwa, huku pete kubwa zaidi ikizunguka sehemu yake ya chini. Hapa hakuna pampu, hakuna kelele ya mota, hakuna upepo wa kuinamisha kitu, na unene wa sentimita tano unapatikana bila tone moja kumwagika. Fundi aliniazima moja, nikailinganisha na nguzo inayoruka siku moja na mahali pamoja, na vituo vya Unguja vilivyokuwa na mkwaruzo viliingia safi. Kwa kuwa nguzo nene huhitaji urefu mfupi kidogo kuliko robo kamili ya wimbi, unaweza kuyapunguza maji kidogo kidogo na kusikiliza mpaka upate mahali pazuri, na zoezi hilo la kupunguza na kusikiliza wanafunzi wangu walilipenda kuliko yote. Kinachokosekana ni mvuto wa maji yanayoruka, na naelewa kwamba mvuto huo ndio unaowaleta watu kibandani.

Darasani ndiko antena hii ilikonipa thamani ya fedha yangu. Wanafunzi wanaosoma urefu wa wimbi kwenye kitabu kama alama ya lambda waliuona ukipimwa kwa rula ya mita kwenye maji. Waliona kwamba ukiipandisha nguzo, kituo kilichokuwa bora kinazidiwa na kingine kilicho chini yake kwenye masafa. Walibishana kwa nini sukari haikuleta chochote kwenye ndoo wakati chumvi ilileta, na ubishi huo uliwafikisha wenyewe kwenye ayoni, yaani zile chembe zenye chaji, bila mimi kutaja neno hilo. Sijawahi kupata kifaa kingine cha bei hii kinachounganisha umeme, mawimbi na kemia kwa dakika chache namna hiyo, na kwa shule za sekondari za mkoa huu, ambazo nyingi zina bahari mwendo wa daladala moja au mbili, nakipendekeza kwa moyo wote.

Utunzaji wake unahitaji nidhamu. Kila baada ya matumizi endesha pampu kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi kwa dakika chache, la sivyo chumvi itakauka kwenye mhimili wake na pampu itakwama. Vibanio vya betri nilivyopewa vilianza kuota kutu ya kijani mapema sana, kwa hiyo nilivipaka grisi. Skrubu za nozeli ni za chuma cha kawaida na zinapaswa kuwa za chuma cha pua, badiliko ambalo halitamgharimu fundi kiasi cha kutajika. Betri iwekwe mbali na maji na juu ya kitu kikavu, hasa watoto wanapokuwepo.

Kuhusu huduma, fundi ni msikivu. Anachukua nusu ya malipo wakati wa kuagiza na nusu iliyobaki wakati wa kuchukua, anakuruhusu ukijaribu kifaa mbele yake kwa ndoo anayoiweka kibandani, na kiungio cha kebo yangu kilipolegea alikilehemu upya bila kudai malipo. Hatoi risiti mpaka uiombe, na hana dhamana iliyoandikwa. Anayenunua kwa fedha za shule aombe vyote viwili kabla ya kutoa fedha ya kutangulizia. Nilipomweleza kuhusu bango la wavuvi alinisikiliza, akakubali kwamba hakuwahi kuipeleka antena baharini siku ya mawimbi, lakini nilipopita tena bango lilikuwa bado lipo. Nitaendelea kumwambia. Kwa anayekwenda sasa, ushauri wangu ni aagize seti yenye vyote viwili, nozeli ya kurusha na bomba la inchi mbili, aombe pete kubwa itakayolizunguka bomba, na amkumbushe fundi kufunga kapasita kwenye mota kabla hajaifunika kwa gundi.